Ni Tundu Tu

Vumbi hakuzaliwa na hasira. Waliomjua utotoni watakuapia kwamba alikuwa mtoto mpole, wa kunyang'anywa mkate akanyamaza. Hasira alizipata kazini, na kazi yake ni kutoboa zege majumbani mwa watu. Hebu nawe jaribu. Piga magoti kwenye sakafu ya mtu kutwa nzima, mashine inakutetemesha mpaka meno, masikio yamekujaa vumbi, halafu mwenye nyumba aje asimame juu ya kichwa chako, kikombe cha chai mkononi, akuulize: "Fundi, mbona hivyo? Si tundu tu hilo?"

Tundu tu! Maneno hayo ndiyo yaliyomharibu. Watu hudhani zege ni boga, ukilichoma kisu linapokea. Hawajui kwamba ndani mle kuna kokoto ngumu kuliko chuma chako, kuna nondo, kuna mabomba ya maji na nyaya za umeme ambazo aliyezipitisha hakumwambia mtu. Ukilazimisha, ncha ya biti, kile chuma cha kutobolea, inaungua, inakuwa butu, na kuanzia hapo unaisugua sakafu tu, hutoboi. Ukiliacha vumbi ndani ya tundu, skrubu inashika leo, kesho inatoka na rafu nzima ya vyombo, na lawama ni zako. Yuko mwenye nyumba mmoja aliyezidisha mdomo, Vumbi akamwambia, "Basi shika wewe," akamkabidhi drili. Biti ikateleza juu ya vigae, ikachora mstari mpaka chini ya kochi. Vumbi hakuitwa tena kwenye nyumba ile, na wala hakujuta.

Jina hilo la Vumbi alipewa na mkewe, kwa vile alivyokuwa akirudi jioni na nyusi nyeupe. Mkewe huyohuyo alikuwa na lake la kusema, na alilisema mbele ya wageni: "Mume wangu ametoboa mji mzima, pazia langu linaning'inia kwa kamba ya kiatu." Vumbi alicheka pamoja na wageni, kwa sababu ilikuwa kweli. Kwake hakuwahi kutoboa hata tundu la picha. Akifika nyumbani hakutaka kuiona drili, iliingia chini ya kitanda na kulala kabla yake.

Lakini ndugu zake, hao walijua kumtumia. Hawakumkumbuka ila palipohitajika tundu. Rafu ya jikoni, Vumbi. Fimbo ya pazia, Vumbi. Kukiwa na sherehe ya familia aliitwa mapema kuliko wote, si kwa heshima, bali kwa kuwa kuna taa za kutundika. Akimaliza wanampa kiti cha nyuma.

Basi siku moja simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kile kikundi cha familia, ambacho kwa kawaida hutumika kutakiana heri na kutumiana picha za maua. Kaka yao mkubwa, anayeishi mji mwingine na ambaye husema kila jambo kama anayefunga kikao, alikuwa ameandika: "Tumeshauriana. Chumba cha Baba kiwekwe komeo kwa nje, hali imezidi. Vumbi, wewe ndiye mwenye drili. Ni tundu tu, mdogo wangu." Chini yake ndugu waliobaki walikuwa wameweka alama za vidole gumba, vimesimama vyote, vimeridhika.

Tumeshauriana! Alishauriana na nani? Na vile vidole? Vumbi aliirusha simu kitandani, akaiokota, akasoma tena, akairusha tena. Kumfungia Baba! Mtu aliyewalea kwa mwiko na ndoo, akajenga nusu ya nyumba za mtaa ule, leo afungiwe ndani kama kuku wa kuatamishwa, na atakayemfungia awe mwanawe. Siku ile hakuna mteja aliyethubutu kumwambia neno. Sura yake ilitosha.

Sasa, ili nisionekane namtetea bure, niseme na upande wa pili. Baba alikuwa mwashi, na miguu yake ilikuwa bado ya kazi. Kilichoondoka ni akili. Ilianza kupotea taratibu: kwanza majina ya majirani, kisha majina ya wajukuu, mwishowe akasahau kwamba alikwisha kustaafu. Kukipambazuka tu anauchukua mwiko wake na kutoka, anawahi kazini, kwenye majengo yaliyokwisha kujengwa na kupakwa rangi miaka mingi iliyopita. Mara moja walimkuta katikati ya barabara kuu, amesimamisha lori, anamgombeza dereva kwa kuleta mchanga mchafu. Mara nyingine alitumbukia katika mtaro wa msingi, akalala humo mpaka jua likapanda. Walimtoa akiwa baridi, midomo ya buluu. Daktari alisema wazi kwamba ya tatu haitakuwa na bahati hiyo.

Komeo la kawaida walikwisha kulijaribu. Miimo ya ule mlango ilikuwa imeliwa na mchwa, na Baba aliuvuta mara moja tu, komeo likang'oka na skrubu zake zote. Kilichobaki imara katika nyumba ile ni sakafu, aliyoimwaga yeye mwenyewe enzi za nguvu zake. Kwa hiyo wenye vidole gumba wakaona akili ni hii: komeo refu la chuma, lifungwe kwa bolti kwenye ubao wa mlango, literemke chini na kuingia kwenye tundu sakafuni. Hapo Baba avute atakavyo.

Vumbi alikwenda. Alijiambia haendi kutoboa, anakwenda kusema. Drili aliichukua kwa mazoea tu, ndivyo alivyojidanganya.

Alimkuta dada yao jikoni, anaosha vyombo. Huyu ni wa pili kuzaliwa, na ndoa yake ilipovunjika ndugu wote waliona kwa pamoja, bila hata kikao, kwamba yeye ndiye mwenye nafasi ya kukaa na Baba. Kupitia dirishani Vumbi alimwona mzee uani, ameketi kwenye kiti, anapanga vipande vya matofali mstari mmoja.

"Na wewe umekubali?" Vumbi alianza, hata salamu hakutoa. "Dada, na wewe umekubali Baba afungiwe?"

"Shikamoo huna?"

"Shikamoo. Umekubali?"

"Marahaba. Nimeomba mimi," dada alisema. "Kaka ameandika tu. Aliyeomba ni mimi."

Hapo mori ukampanda Vumbi. Alisema mengi, na mengine hayarudiki. Alisema Baba si mfungwa. Alisema kama umechoka sema umechoka, usimgeuze mzazi wako mnyama. Alisema angekuwa yeye ndiye anayekaa hapa, Baba asingefungiwa hata dakika moja. Dada alimsikiliza huku akisuuza sufuria, akaiinamisha ichuje maji, akakausha mikono. Kisha akavuta mkono wa gauni juu.

"Tazama hapa."

Kwenye kiungo cha mkono wake kulikuwa na alama nyekundu, imezunguka kama bangili.

"Ni uzi," alisema. "Usiku najifunga uzi mkononi, upande wa pili naufunga kwenye mlango wake. Akifungua, unanivuta, naamka. Akigusa tu, naamka. Akigeuka kitandani nadhani amegusa, naamka. Wewe umelala hapa usiku gani? Nitajie mmoja."

Vumbi hakuwa nao.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," dada alisema. "Haya, toboa au ondoka. Lakini usinisimamie jikoni kwangu ukanihubiria."

Ukitaka kumwona mtu mwenye hasira mbaya, mtazame yule aliyekosa wa kumkasirikia. Vumbi alitoka jikoni akiwa amefura, akapiga magoti mbele ya mlango wa Baba, akaweka alama kwa penseli, akachomeka waya. Kila alichokijua kuhusu kazi yake alikisahau. Hakugongea kitundu cha kuanzia kwa tindo. Hakuanza na biti nyembamba. Alichukua ile nene, akaisimamisha, akailalia kwa kifua chake chote kana kwamba chini ya sakafu ile yuko kaka yake mkubwa.

Sakafu ikamkatalia. Mwanzo biti iliteleza ikachora, kisha ikashika, ikaingia kiasi cha ukucha, ikagota. Jiwe. Vumbi akakandamiza. Drili ikalia kwa sauti nyembamba ya kuudhi, harufu ya chuma kilichoungua ikajaa ukumbini, na alipoitoa biti ncha yake ilikuwa imegeuka buluu. Akaitupa, ikaruka mpaka mlango wa jikoni. Akatia nyingine. Hiyo nayo ikaungua. Akaitukana sakafu, akalitukana zege, akamtukana aliyelimwaga, ndipo alipokumbuka aliyelimwaga ni nani.

"Unaligombeza bure," sauti ilisema juu yake. "Zege halina masikio."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, kipande cha tofali mkononi. Kelele za drili ndizo zilizomwita. Kwake zilikuwa kelele za jengo, na kwenye jengo ndiko alikokuwa akitafuta kufika kila alfajiri. Macho yake yalikuwa makavu na maangavu. Alimtazama Vumbi usoni, na Vumbi akaona kabisa kwamba hatambuliwi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, fundi. Umekutana na jiwe?"

Fundi! Katika maisha yake yote mzee hakuwahi kumwita hivyo. Alipoiacha kazi ya kumbebea baba yake udongo na kwenda kununua drili kuukuu, Baba alimwambia, "Mimi naziba, wewe unatoboa, tutaona nani ataacha nyumba nyuma yake." Toka hapo alimwita mtoboaji, mbele za watu, na watu walicheka. Vumbi alilingoja lile neno moyoni miaka na miaka, akaja kuacha. Leo amepewa, amepewa bure, na aliyempa hajui amempa nani. Iliuma kuliko kunyimwa.

"Ndiyo, Mzee," alisema. "Nimekutana na jiwe."

Baba akainama, magoti yakalia, akapiga magoti upande wa pili wa kile kitundu. Akachota vumbi kwa kidole gumba, akalisugua, akalinusa.

"Hili limemwagwa na mtu," alisema. "Limemwagiliwa maji vizuri, halikuharakishwa. Nani fundi wake?"

"Fundi mmoja wa zamani."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Msalimie." Akainamisha uso mpaka karibu aguse sakafu, akapuliza. Vumbi lote likamrudi usoni, nyusi zikawa nyeupe, naye akacheka kwa furaha. Kisha akaichukua tindo kwenye mfuko wa zana, akaisimamisha juu ya jiwe, akaishika kwa mikono miwili. "Piga."

"Mzee, nitakuumiza."

"Piga, kijana. Huna nyundo?"

Mikono iliyokuwa ikimwaga chai kila asubuhi kwa kutetemeka ilikuwa imetulia tuli juu ya ile tindo. Vumbi alipiga. Alipiga tena. Baba aliigeuza tindo kidogo baada ya kila pigo bila kutazama, hata likasikika lile pasuko dogo kavu. Jiwe lilikuwa limevunjika. Kutoka hapo kazi ilikuwa laini. Vumbi alianza upya na biti nyembamba, akafuatisha nene, bila kukandamiza, akitoa na kurudisha, na Baba kila mara anapuliza vumbi na kuingiza kidole kupima kina. Ukiwatazama ungesema ni baba na mwana waliofanya kazi pamoja maisha yao yote. Ungekuwa umekosea, na Vumbi alijua ungekuwa umekosea, na hilo nalo lilimkasirisha. Yaani mpaka akili zimwishe ndipo wafanye kazi pamoja? Na kazi yenyewe iwe hii?

Alifunga komeo kwenye ubao, bolti zikapenya mpaka upande wa pili. Baba alimshikia spana.

"Humu mnafungia nini?" aliuliza.

Vumbi akamtazama dada, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda mrefu.

"Stoo, Baba," dada alijibu. "Vitu vinapotea."

"Vizuri. Wezi wamezidi." Mzee akasimama, akajipangusa magoti. "Haya, hebu tulijaribu. Mimi naingia ndani, wewe shusha. Kazi isiyojaribiwa haikabidhiwi." Akaingia chumbani mwake kwa hatua za mtu mwenye shughuli, akaufunga mlango.

Vumbi alishika komeo. Lilishuka lenyewe, likaingia kwenye tundu bila hata kukwaruza. Toka ndani Baba akavuta. Mlango haukutikisika. Akavuta kwa nguvu zaidi, wapi.

"Imeshika!" alipaza sauti, anacheka. "Kazi safi kabisa! Haya, fungua."

Vumbi alinyoosha mkono. Dada akaushika.

"Acha kwanza," alinong'ona. "Nikaoge. Nioge tu, nirudi. Kila nikiingia bafuni naoga nusu, sabuni bado iko mwilini, natoka mbio. Leo tu, Vumbi. Acha nioge."

Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Vumbi akabaki katikati, mkono mmoja umeshikwa na dada, mwingine juu ya chuma. Alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alitaka kufungua, hakuweza kuubandua mkono wa dada.

"Fundi?" Baba aliita. "Imeshika, fundi. Fungua."

Dada alizidi kuukaza mkono.

"Kuna mtu huko?" Sauti ilikuwa imeanza kubadilika. Kiganja kikapiga ubao, mara nyingine, kisha kikapiga mfululizo. Halafu akaita jina ambalo lilikuwa halijaitwa katika nyumba ile toka walipomzika mwenye jina, mama yao. "Mama watoto! Mama watoto, nifungulie! Nimefanya nini? Nifungulie!"

Dada aliachia mkono, akauficha uso wake. Vumbi akalinyanyua komeo.

Baba alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono yote miwili imeng'ang'ania kitasa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alimtazama Vumbi kama mtoto anayengoja kuchapwa.

"Nenda kaoge," Vumbi alimwambia dada yake, bila kugeuka. "Nenda. Kaa huko mpaka uchoke. Huyu nitambadilisha mimi."

Hakuwahi kumvua baba yake nguo. Alimvua, akamfuta kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, akatafuta suruali kavu, akamwingiza mguu mmoja kisha wa pili. Alikuwa anamshikia mkono wa shati safi simu ilipolia. Kaka mkubwa. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Vipi, limekaa?"

"Limekaa," Vumbi alisema. "Baba mwenyewe amelijaribu."

"Unasema nini?"

"Nasema linashika. Tundu nimetoboa mimi, siruki. Sasa sikiliza. La kulishusha komeo, si mimi wala si dada. Unakuja wewe. Utamwingiza Baba ndani kwa mkono wako, utalishusha, utasimama hapo nje umsikilize anavyomwita Mama amfungulie. Ukimaliza kumsikiliza ukaweza kuondoka, basi utatuambia sote tuweke vidole gumba. Na kama huji, leta zamu yako ya kulala hapa. Kila mwenye kidole alete zamu yake. Leo nalala mimi."

"Mdogo wangu, hasira hasara. Mimi huku nina majukumu..."

"Na dada ana uzi mkononi!" Vumbi alipiga kelele. "Njoo uuone!" Akaizima simu. Kule bafuni maji yaliendelea kumwagika, hayakukatika.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ametulia, anamwangalia kwa huruma.

"Unamgombeza nani, fundi?"

"Mwanao mkubwa."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Mwache," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kujivunia. "Watoto wangu wana kazi nyingi."

Vumbi aliinama mbele yake, akaanza kumfunga vifungo vya shati, na hasira bado hazijamtoka.